Kamera za ulinzi nyumbani: Mambo ya kuzingatia kabla na baada ya kuzifunga

KAMERA za ulinzi, ambazo kwa miaka mingi zilizoeleka katika benki, hoteli na maduka makubwa, sasa zimefika kwenye mageti ya nyumba za kawaida. Katika miji mingi nchini Tanzania, fundi wa mtaani huweza kuzifunga kwa siku moja, na mwenye nyumba akatazama uwanja wake kwa simu janja akiwa kazini au safarini.

Hata hivyo, kufunga kamera ni jambo moja na kupata ulinzi ni jambo jingine. Mara nyingi upungufu hujulikana baada ya wizi kutokea: sura ya mhalifu haionekani, saa iliyoandikwa kwenye picha siyo saa ya tukio, umeme ulikuwa umekatika, au mashine ya kurekodia nayo imebebwa pamoja na televisheni. Wakati mwingine upungufu ni wa aina nyingine. Kamera imekuwa ikitazama dirisha la jirani, au nenosiri lake halijabadilishwa tangu kiwandani na watu wasiojulikana wanaweza kuingia na kuangalia maisha ya familia.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga mfumo wa kamera nyumbani ili picha zake ziweze kumtambulisha mtu, zikubalike kama ushahidi, na zisivunje haki ya mtu mwingine.

Kwanza, mlango

Kamera haifungi mlango. Kazi yake ni kumwonya mwenye nia mbaya, kumtahadharisha mwenye nyumba na kuhifadhi kumbukumbu ya kilichotokea. Kwa hiyo kitasa imara, nondo za madirisha, taa za nje na uhusiano mzuri na majirani hutangulia. Familia yenye fedha kidogo itanufaika zaidi ikianza na kufuli bora na taa mbili za nje kuliko ikinunua kamera nne na kuacha mlango wa jikoni ukifungwa kwa kipande cha waya.

Baada ya hapo, mwenye nyumba anashauriwa kuizunguka nyumba yake mara mbili, mchana na usiku, akijiuliza mtu angeingilia wapi. Kwa nyumba nyingi majibu huwa machache: geti, mlango wa mbele, mlango wa nyuma na upande wa ukuta usioonekana kutoka barabarani. Hayo ndiyo maeneo ya kamera. Idadi ya kamera itokane na maeneo hayo, na siyo seti iliyokuwa na punguzo la bei dukani.

Kuona mtu na kumtambua mtu

Wanunuzi wengi huvutiwa na kamera inayoonyesha uwanja mzima kwa mara moja. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kadiri picha inavyobeba eneo pana ndivyo kila mtu aliyemo anavyopata sehemu ndogo ya picha hiyo.

Kamera inayouzwa kama ya megapikseli 2 hutoa picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa kamera za ulinzi hutaka nukta zipatazo 250 kwa kila mita moja ya upana ili sura ya mtu asiyefahamika iweze kutambulika, na nukta 125 ili mtu anayefahamika tayari aweze kutambuliwa. Kwa hesabu hiyo, nukta 1,920 hutosha kutambua sura katika eneo lenye upana usiozidi mita 7.7.

Lenzi ya milimita 2.8, ambayo hupatikana katika kamera nyingi za majumbani, ina pembe pana sana. Upana huo wa mita 7.7 huufikia katika umbali wa mita 3 hivi kutoka kamera ilipo. Mtu akiwa mita 10 kutoka kwenye kamera hiyo, picha inakuwa imetanda eneo la upana wa mita 25 hivi, na kila mita inabakiwa na nukta zisizofika 80. Ataonekana kuwa ni mtu, mavazi yake yataonekana na upande aliokimbilia utajulikana, lakini sura yake haitathibitika. Kuikuza picha baadaye hakuongezi nukta ambazo hazikurekodiwa.

Mpangilio unaofaa ni kuwa na kamera yenye lenzi pana kwa ajili ya kuona mwenendo wa uwanja, na nyingine yenye lenzi ya milimita 6 au zaidi inayolenga mahali ambapo kila anayeingia hulazimika kupita, kama vile mlango mdogo wa geti. Lenzi ya milimita 6 huweza kutoa sura inayotambulika hadi umbali wa mita 7 au 8.

Urefu wa kufungia nao una maana. Mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini humzuia mtu kuifikia kamera kwa mkono bila kumfanya aonekane utosi tu. Kamera iliyofungwa juu ya ghorofa hurekodi kofia za watu badala ya nyuso zao.

Kwa kuwa Tanzania iko karibu na Ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu mashariki na magharibi halisi kwa mwaka mzima. Kamera inayotazama mashariki hupofushwa asubuhi, na inayotazama magharibi hupofushwa jioni. Kuifunga chini ya upenu na kuielekeza kaskazini au kusini, pale inapowezekana, hupunguza tatizo hilo na pia huikinga na mvua za masika.

Usiku kamera nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo ukigonga ukuta mweupe, jani la mgomba au utando wa buibui ulio karibu na lenzi, picha yote hugeuka kuwa ukungu. Kwa sababu hiyo, kufuta lenzi na kuondoa utando ni sehemu ya ulinzi. Kwa kamera ya nje, mnunuzi atafute alama ya IP66 au IP67 kwenye kasha. Tarakimu ya kwanza, 6, inamaanisha kuwa vumbi haliingii. Ya pili inahusu maji, ambapo 6 ni kustahimili maji yanayorushwa kwa nguvu na 7 ni kustahimili kuzamishwa kwa muda mfupi. Wakazi wa ukanda wa pwani wazingatie pia chumvi ya bahari, ambayo hula skrubu na viungio vya nyaya mapema kuliko kamera yenyewe.

Nyaya, umeme na kifurushi cha intaneti

Kamera za Wi-Fi ni rahisi kufunga, lakini mawimbi yake hudhoofishwa na kuta za zege na tofali, na bado nyingi huhitaji waya wa umeme. Kamera za waya huchukua kazi zaidi siku ya kufunga na usumbufu mdogo baadaye. Waya wa mtandao unaweza kubeba picha na umeme kwa pamoja hadi umbali wa mita 100, na hivyo kuepusha kutafuta soketi kwa kila kamera. Nyaya za nje zipitishwe ndani ya mabomba, kwani waya unaoning'inia unaweza kukatwa kwa kisu cha jikoni.

Suala la umeme halina budi kupigiwa hesabu. Mfumo wa kamera 4, mashine ya kurekodia na ruta hutumia kwa makadirio wati 45. Kwa kuwa hauzimwi, hutumia takriban yuniti 1 kwa siku, sawa na yuniti 32 kwa mwezi. Kiasi hicho si kikubwa, lakini kwa mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, ni zaidi ya theluthi moja ya ukomo wake. Ni vyema ajue hivyo mapema kabla hajashangazwa na mabadiliko ya bei ya umeme wake.

Umeme unapokatika, betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100, ikitumiwa kwa nusu ya uwezo wake ili idumu, inaweza kuendesha mfumo huo pamoja na inveta kwa saa 10 hivi, yaani usiku mmoja. Fundi ahakikishe pia kuwa nyumba ina waya wa ardhi unaofanya kazi na kwamba mfumo una kinga dhidi ya radi na kupanda kwa ghafla kwa umeme.

Kuhusu intaneti, ifahamike kuwa mashine ya kurekodia haihitaji intaneti ili kuhifadhi picha. Intaneti inahitajika pale mwenye nyumba anapotaka kutazama akiwa mbali au kutumiwa taarifa kwenye simu. Kamera inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 1 kwa kila saa ya kutazama. Mwenye kutegemea kifurushi cha simu achague picha ya ubora wa chini kwa kutazamia, huku mashine ikiendelea kurekodi kwa ubora kamili.

Rekodi idumu siku ngapi?

Kwa kasi hiyohiyo ya megabiti 2 kwa sekunde, kamera moja hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 128 itadumu chini ya siku 6 kabla ya kuanza kufuta picha za zamani. Kamera 4 hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 hivi, na ya terabaiti 2 kwa takriban siku 23.

Mwenye nyumba anayesafiri kwa wiki mbili hana budi kuzingatia hesabu hii, kwani akirudi na kukuta kabati limevunjwa, huenda picha za siku ya tukio zimeshafutwa. Kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo huongeza siku, ingawa miti inayotikiswa na upepo huweza kupunguza faida hiyo.

Mashine ya kurekodia, ambayo mafundi huiita DVR au NVR, isiwekwe sebuleni chini ya televisheni. Iwekwe mahali pasipoonekana, penye hewa na panapofungwa kwa ufunguo.

Saa ya kwenye picha

Kosa dogo linaloharibu ushahidi kuliko mengi ni saa isiyo sahihi. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa za ulimwengu, na China, zinakotoka kamera nyingi, iko saa 8 mbele. Kamera iliyoachwa na majira ya China huonyesha saa 5 zaidi. Wizi uliofanyika saa 4 usiku wa Jumatatu utaandikwa kuwa ulifanyika alfajiri ya Jumanne, na mtuhumiwa mwenye maelezo ya alikokuwa Jumanne alfajiri atakuwa na hoja nzito.

Kuna pia suala la namna ya kusoma saa. Mashine huandika 02:15, ambayo kwa Kiswahili ni saa 8 na robo usiku. Shahidi akiitaja kuwa ni saa 2 na robo usiku, anakuwa ameihamisha saa ya tukio kutoka usiku wa manane hadi muda wa chakula cha jioni. Anayetoa maelezo kituo cha polisi aeleze saa kwa Kiswahili na aonyeshe pia tarakimu zilivyo kwenye picha.

Nenosiri ni ufunguo wa nyumba

Mwaka 2016 programu hasidi iliyopewa jina la Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, vikiwamo kamera na mashine za kurekodia, kwa kujaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo, vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikashindwa kupatikana kwa saa kadhaa. Wamiliki wengi wa kamera hizo hawakujua kuwa vifaa vyao vilishiriki. Tangu Aprili 29, 2024, Uingereza imepiga marufuku kuuza vifaa vya aina hiyo vyenye nenosiri moja la kiwandani linalofanana kwa wote.

Kwa mwananchi, hatua za kujilinda ni nyepesi. Abadilishe nenosiri siku ileile mfumo unapofungwa, na alibadilishe yeye mwenyewe baada ya fundi kuondoka. Nenosiri liwe refu na lisiwe namba ya simu wala mwaka wa kuzaliwa. Asasishe programu ya kamera kila toleo jipya linapotoka. Atakapouza au kutupa mashine, aifute kwanza. Aidha, aondoe ruhusa ya kila mtu asiyehusika tena, akiwamo mlinzi aliyeacha kazi au ndugu aliyehama.

Anayeingia katika mfumo wa kamera wa mtu mwingine bila kibali anaweza kukabiliwa na mashtaka chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Jirani, mpangaji na msaidizi wa kazi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, iliweka misingi ya ukusanyaji wa taarifa za watu, na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi.

Sheria hiyo inatoa nafuu kwa shughuli za mtu binafsi pekee, lakini mwenye nyumba asiichukulie nafuu hiyo kuwa ruhusa ya kurekodi popote. Nchini Jamhuri ya Cheki, mwenye nyumba aliyevunjiwa madirisha mara kadhaa alifunga kamera iliyorekodi mlango wake, njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele. Picha hizo zilisaidia kuwapata watuhumiwa wawili, na mmoja wao akahoji uhalali wa kurekodiwa. Desemba 11, 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kamera inayorekodi eneo la umma haiwezi kuhesabiwa kuwa ya shughuli binafsi pekee, ingawa haja ya mtu kulinda familia na mali yake nayo inastahili kupimwa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini unaonyesha wapi mgogoro huanzia: pale lenzi inapovuka mpaka wa kiwanja.

Mifumo mingi ya kisasa ina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa rangi nyeusi ili dirisha au uwanja wa jirani usirekodiwe. Uwezo huo utumike, na jirani ajulishwe kabla ya kamera kufungwa. Aonyeshwe kinachoonekana kwenye kioo. Mazungumzo ya dakika 10 huepusha shauri kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenye nyumba ya kupangisha ana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa anarekodi watu ambao hapo ndipo kwao. Lango kuu na maegesho vyaweza kuwa na kamera, pamoja na tangazo linaloonekana. Vyoo, mabafu, vyumba vya kulala na madirisha ya wapangaji ni marufuku kwa heshima na kwa haki. Anayefunga kamera kwa ajili ya biashara, hata kama ni duka lililo ubavuni mwa nyumba, aulize Tume kuhusu masharti ya usajili.

Msaidizi wa kazi za nyumbani naye aelezwe mapema kamera zilipo. Mzazi ana sababu ya kutaka kujua mtoto wake anavyolelewa, lakini chumba anacholala msaidizi ni maskani yake. Mtu anayeona amerekodiwa isivyo halali anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume.

Tukio likitokea

Hatua ya kwanza ni usalama wa watu. Polisi waarifiwe kupitia namba ya dharura 112 au kituo kilicho karibu, na mlalamikaji apewe namba ya RB. Baada ya hapo picha zihifadhiwe haraka kabla mashine haijazifuta.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Katika kuupima, mahakama huangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haukuchezewa. Kwa hiyo picha zitolewe kutoka kwenye mashine yenyewe kwenda kwenye flashi mpya zikiwa katika ubora wake wa asili. Video iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo, ikakatwa na kutumwa kwa WhatsApp, hupoteza ubora na huzua maswali. Iandikwe ni nani alizitoa, lini, saa ngapi na alimkabidhi nani, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kuitwa kutoa ushahidi. Mashine yenyewe isifutwe wala kutengenezwa hadi polisi waseme.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Picha ya mtu anayepita karibu na geti saa ya wizi haimfanyi kuwa mwizi. Ikisambazwa katika makundi ya mtaa ikiwa na maneno ya kumhukumu, inaweza kumfikia kabla polisi hawajamfikia, mikononi mwa watu wenye hasira na mawe. Kosa la namna hiyo halifutiki kwa kuomba radhi. Picha ikabidhiwe kwa polisi, ambao ndio wenye mamlaka ya kuamua kama itangazwe kwa umma.

Wananchi waliokwisha kufunga kamera wanashauriwa kutenga dakika chache kila mwezi kwa ukaguzi: kutafuta rekodi ya usiku wa wiki iliyopita na kuitazama, kulinganisha saa ya mashine na ya simu, kuzima umeme mkuu kuona kama betri inabeba mzigo, kufuta lenzi, na kuangalia kama mti wa jirani haujakua ukaziba geti.